Fundi, tusaidie: maswali yenu kuhusu chumba cha boila kwenye nyumba za wazee

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, majengo ya wazee yenye boila za pamoja, yaani boila mbili tatu zimekaa chini kule zinapasha maji ya radieta na maji ya kuogea ya jengo zima, zimechoka na sasa uongozi unataka kukarabati chumba kizima cha mitambo. Nimefurahi kuona mnauliza mapema maana wengi huwa wanasubiri mpaka boila izime usiku wa baridi ndo simu zinaanza kupigwa. Barua nyingine nimezifupisha, majibu nimeyaacha marefu pale panapohitaji urefu.

Boila mpya ziwe kubwa kiasi gani?

*Habari fundi. Ninasimamia jengo la wazee, ghorofa nne, nyumba 42. Tuna boila mbili za zamani za chuma, kila moja kilowati 300. Kontrakta katuletea kotesheni ya kuzitoa na kuweka mbili mpya za kilowati 300 zile zile, anasema ndo salama zaidi kwa sababu jengo limeshazoea. Madirisha tulibadilisha yote miaka michache iliyopita na dari ya juu tukaiwekea sufi ya kuzuia joto. Nisaini?*

Usisaini kwanza ndugu yangu. Jengo halizoei kilowati, jengo linapoteza joto kupitia kuta, madirisha, paa na hewa inayopenya, na boila kazi yake ni kurudisha kile kilichopotea basi. Nyinyi mmebadilisha madirisha na mmeziba dari, maana yake joto linalopotea leo sio lile la wakati boila za zamani zinafungwa, na hata wakati ule aliyepiga hesabu inawezekana kabisa aliongeza ziada, bosi wake akaongeza yake, muuzaji naye akaongeza yake.

Kuna hesabu moja unaweza kuifanya mwenyewe hata kabla ya injinia kufika. Chukua siku ya baridi kali kuliko zote, soma mita ya gesi asubuhi, alafu isome tena kesho yake saa ile ile. Tuseme imetembea mita za ujazo 300. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia inabeba kama kilowati-saa 10 mpaka 11, kwa hiyo mmechoma kama kilowati-saa 3,150 kwa siku nzima. Boila kuukuu za aina hiyo labda robo inapotelea kwenye bomba la moshi na kwenye chuma chake chenyewe, kwa hiyo kilichoingia kwenye maji ni kama 2,360. Gawa kwa saa 24, unapata wastani wa kilowati 98. Ni wastani tu, asubuhi wazee wakiamka wote na kuoga inapanda juu ya hapo sana, lakini hata ukiizidisha mara mbili hujafika 200 na wewe chini una 600!

Namba zako zitakuwa tofauti na hizi za mfano, na hesabu hii haiondoi ile kamili ya chumba kwa chumba ambayo lazima ifanyike. Aliyeifanya hakikisha amepita kwenye nyumba za kona na za ghorofa ya juu, maana hizo ndo zinapoa kwanza, na hakikisha hajatumia joto la ofisini. Mzee anashinda ndani kutwa nzima, muda mwingi amekaa, kwa hiyo sebule ipigiwe hesabu ya nyuzi 21 au 22.

Boila kubwa kupita kiasi haikupi usalama wowote, inawaka, ndani ya dakika chache maji yameshakuwa moto, inazima, inapoa kidogo, inawaka tena, kama gari la mjini linaloondoka na kufunga breki kila mita hamsini. Kila inapowaka feni inapuliza kwanza hewa ndani ya tanuru na ile hewa inatoka nje na joto lako, viwashio vinakufa mapema, na faida yote ya boila za kisasa inapotea. Hizi boila mpya zinapata ufanisi wa asilimia 90 na zaidi kwa sababu zinapoza moshi mpaka mvuke uliomo unageuka maji na kuachia joto lake, na hilo linatokea pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye jengo yapo chini ya nyuzi 55 hivi. Yakirudi na nyuzi 70 umenunua kitu cha bei kubwa kinachofanya kazi ya kawaida.

Sasa kuhusu usalama wenyewe ambao kontrakta anausemea, muulize swali hili na akujibu kwa maandishi: siku boila moja ikifa na fundi hawezi kufika mpaka keshokutwa, jengo litabaki na asilimia ngapi ya joto? Kwenye nyumba za wazee mimi sikubali jibu chini ya mia. Njia rahisi ni boila tatu ndogo, kila moja inabeba nusu ya mzigo, moja ikilala mbili zinamaliza kazi. Na usiishie kwenye boila, hapa ndo watu wengi wanapitiwa. Nimeingia vyumba vina boila nne zinang'aa ukutani lakini maji yote ya jengo yanasukumwa na pampu moja, paneli ya umeme moja, na sensa moja ya joto ambayo ikipotea kila kitu kinazima. Pita na kalamu juu ya mchoro, ziba kifaa kimoja kimoja kwa kidole, jiulize hiki kikifa leo usiku wazee wanakosa nini. Kila pampu iwe na mwenzake, na kila boila iwe na valvu zake za kufungia ili iweze kufunguliwa na kutengenezwa wakati nyingine zinaendelea.

Mama ataishi vipi wakati wa ujenzi?

*Shikamoo fundi. Mama yangu ana miaka 83 anaishi peke yake kwenye nyumba hizi za wazee. Wametumiwa barua kwamba chumba cha boila kitafungwa wiki sita na "huduma ya joto itaathirika". Hawajasema zaidi. Nimepanga kumnunulia hita ya umeme, kuna kingine cha kufanya?*

Marahaba mwanangu. Hiyo barua hairidhishi hata kidogo na nakuomba uwaandikie leo leo usisubiri. Ukarabati wa wiki sita sio lazima uwe baridi ya wiki sita. Kuna boila za kukodi zinakuja zimeshafungwa ndani ya kontena, inapaki nje, inaunganishwa na mabomba ya jengo kwa hosi nene, na jengo linaendelea kupata joto na maji ya moto wakati mafundi wanavunja ndani. Kazi ya kwanza kabisa ya kontrakta inatakiwa iwe kuweka sehemu za kuunganishia hizo hosi, zenye valvu, ukutani upande wa nje. Ikifanyika hivyo joto linakatika masaa machache tu siku ya kuhamisha na masaa machache siku ya kurudisha. Na zile sehemu zikibaki pale baada ya kazi, miaka ijayo pakiharibika kitu kikubwa mnaleta kontena mnaunganisha siku ile ile. Mimi nisingepitisha mradi wowote wa nyumba za wazee usiokuwa na hizo.

Waulize pia kwanini kazi imepangwa msimu huo na sio msimu wa joto.

Halafu kwa nini nasisitiza. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 kuhusu nyumba na afya limesema ndani ya nyumba wakati wa baridi pasishuke chini ya nyuzi 18, na likaongeza kwamba wazee, watoto na wagonjwa wanaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Baridi inapandisha presha ya damu, inaamsha matatizo ya moyo na ya kifua, na ubaya wake ni kwamba mwili wa mtu mzima sana hauisemi baridi mapema, utamkuta amekaa anakwambia niko sawa mwanangu na mikono imeshakuwa ya barafu. Kwa hiyo mnunulie kipima joto cha ukutani chenye namba kubwa kabla ya hita, na mkiongea kwenye simu muulize inasoma ngapi, usimuulize kama anasikia baridi.

Hita yenyewe ni sawa kama akiba, ile ya mafuta iliyofungwa isiyoonyesha moto, ichomekwe moja kwa moja ukutani sio kwenye ekstensheni, ikae mbali na pazia na kitanda. Ila waulize uongozi kama wamepiga hesabu ya umeme wa jengo, maana nyumba 40 zikiwasha hita ya kilowati 2 kwa pamoja ni kilowati 80 za ghafla kwenye nyaya ambazo hazikupangiwa hivyo, alafu linazima jengo zima na lifti juu. Majiko ya mafuta ya taa, ya gesi au ya mkaa ndani ya chumba cha mzee hapana, kabisa hapana.

Cha mwisho, waombe mtu apite mlango kwa mlango aeleze. Kuna wazee hawasomi vizuri tena, wengine kumbukumbu imepungua na kelele za kukata vyuma chini zinawatia hofu, karatasi iliyobandikwa kwenye lifti haiwatoshi.

Maji ya radieta ni meusi tii

*Fundi salama? Mimi ndo naangalia mitambo kwenye jengo la wazee. Wiki ijayo tunafungiwa boila mpya. Jana nilifungua valvu ya kutolea maji chini ya radieta moja yakatoka meusi kama oili chafu. Kontrakta anasema atayamwaga ataweka mengine yameisha. Inatosha?*

Haitoshi, na umefanya jambo kubwa kufungua hiyo valvu. Chukua hayo maji kwenye glasi, yaache yatulie, kisha sogeza sumaku kwa nje ya glasi, utaona ule weusi unafuata sumaku. Ni kutu ya chuma ya aina nyeusi, ndo mabomba na radieta zenu zinavyolika kidogo kidogo kutoka ndani. Boila za zamani zilikuwa na njia pana za maji, tope hilo lilikuwa linakaa chini tu halisumbui sana. Boila mpya njia zake ni nyembamba mno, tope likiingia linaganda pale penye moto, maji hayapiti, pale panapata joto kupita kiasi, unaanza kusikia boila inanguruma kama birika na baada ya muda mfupi sana kiini chake kimepasuka. Kiwanda kitapima maji, kitakuta uchafu, waranti hamna.

Kabla ya kumwaga chochote peleka sampuli maabara, wakupe kiasi cha chuma, ukali wa maji, chumvi na bakteria. Kisha mfumo usafishwe tawi kwa tawi, sio kufungua bomba moja kuu na kuachia. Lakini tahadhari, mabomba ya miaka mingi mengine yamebaki membamba na ile kutu ndo inayaziba, ukipiga maji kwa presha kubwa matundu yanafunguka kwenye dari za watu. Ndo maana kwa jengo kama lenu mimi napendelea kutenganisha kabisa, unaweka kibadilisha joto cha sahani kati ya boila na jengo, boila zinakuwa na maji yake machache masafi upande huu, maji ya zamani yanabaki upande ule, joto linapita lakini maji hayakutani. Upande wa jengo unaweka kinasa tope chenye sumaku na dawa ya kuzuia kutu.

Kuhusu hiyo dawa, uliza kwanza kiini cha boila ni chuma cha pua au ni aluminiamu, kwa sababu aluminiamu haipendi maji yenye pH kubwa (pH ni kipimo cha asidi na alkali), ikizidi 8.5 inaanza kulika, na kuna dawa za kawaida zinapandisha hapo.

Alafu kitu kidogo cha bei ndogo ambacho nakiomba kwenye kila chumba nachoingia: mita ya maji kwenye bomba la kuongezea maji. Mfumo uliofungwa vizuri hauongezwi maji mara kwa mara. Ukiona mita inatembea kila wiki kuna mahali panavuja, na kila lita mpya inaingia na oksijeni mpya, na oksijeni ndo inayotengeneza kutu. Unaweza kusafisha mfumo leo ukawa kioo, kama uvujaji upo weusi utaurudia. Weka daftari pale, andika namba kila Jumatatu.

Valvu ya usalama inadondosha

*Fundi, valvu ya usalama ya boila yetu ilikuwa inatiririsha maji kila tukiwasha. Jamaa mmoja akaja akaifunga plagi, sasa haidondoshi. Ni sawa?*

Zima hiyo boila sasa hivi, usiisome barua hii mpaka mwisho kwanza. Ile valvu ndo njia pekee ya presha kutoka mambo yakienda vibaya. Maji yaliyofungwa chini ya presha yakipita nyuzi 100 alafu chombo kikapasuka sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na kila lita moja ya maji inayogeuka inatoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukuta hauzuii hicho kitu, na juu ya huo ukuta kuna watu wamelala.

Sababu ya kudondosha mara nyingi ni tangi la upanuzi limeishiwa hewa. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 yanaongezeka karibu asilimia 3, mfumo wa lita 5,000 unapata lita 140 ambazo lazima zipate pa kwenda. Tangi likiwa limejaa maji zinatoka kwenye valvu. Tengeneza tangi, weka valvu mpya, na huyo jamaa asiingie tena humo.

Tushushe joto la maji ili wazee wasiungue?

*Shikamoo fundi, mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Kuna mzee aliungua mguu bafuni, tukakubaliana tangi la maji ya moto lishushwe kutoka nyuzi 62 hadi 45. Gesi nayo itapungua kidogo. Sasa injinia wa mradi anakataa anataka lirudi 60. Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Mmefanya kwa huruma na pole sana kwa huyo mzee, ila injinia yuko sahihi na naomba mlirudishe 60 bila kusubiri mradi uanze, na kabla ya kulirudisha watangazieni wakazi wote mlango kwa mlango kwamba maji yatakuwa ya moto zaidi.

Kuna bakteria anaitwa Legionella. Anaishi kwenye maji ya kawaida kwa uchache, hana neno, lakini akipata maji ya uvuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45, yaliyotulia, yenye tope na kutu ya kujificha, anazaana. Mtu anaoga, matone madogo madogo ya bafu yanaelea hewani, anayavuta kifuani, anapata nimonia kali. Alijulikana baada ya mkutano wa maveterani wa vita kwenye hoteli moja Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, waliugua zaidi ya watu 200 na 34 wakafa, na mwaka uliofuata ndo wanasayansi wakamtambua. Wanaokufa zaidi kwa ugonjwa huu ni watu wenye umri mkubwa, wavutaji sigara na wenye mapafu au kinga dhaifu, yaani orodha hiyo ni kama daftari la wakazi wenu. Tangi la nyuzi 45 ndo kitalu chake. Kwenye nyuzi 60 anakufa ndani ya dakika chache.

Lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza vibaya ndani ya kama sekunde 5, na ngozi ya mzee ni nyembamba na hawezi kuruka haraka kutoka kwenye beseni. Kwa hiyo kamati nayo ilikuwa na hoja ya kweli. Hizi hatari mbili hazitibiwi sehemu moja. Tangi linabaki 60, mabomba yanayozunguka jengo yanarudi yakiwa bado na nyuzi 50 au zaidi, alafu kwenye kila bafu na sinki, karibu kabisa na bomba lenyewe, inafungwa valvu ya kuchanganya yenye themostati inayotoa nyuzi 41 kwenye sinki na bafu la kusimama, na isiyozidi 44 kwenye beseni la kulala. Iwe ya aina ambayo maji baridi yakikatika inafunga ya moto papo hapo. Na hii msiamini karatasi, ijaribuni: funga maji baridi, weka kipima joto, ya moto yanatakiwa yakatike. Ijaribiwe kila mwaka na isafishwe chokaa, valvu iliyoganda haimlindi mtu.

Kwa kuwa mnafungua chumba kizima tumieni nafasi hii kufuatilia mabomba yaliyokufa, yale ya sinki lililoondolewa zamani ila bomba likabaki limezibwa mwishoni, maji yamelala humo miaka. Yakatwe kabisa kutoka kwenye bomba kuu. Tangi nalo lifunguliwe chini litolewe tope. Mabomba ya maji baridi yanayopita kwenye chumba cha boila yavishwe sufi na yenyewe, watu wanavisha ya moto tu wanasahau kwamba chumba ni cha moto na maji baridi yanatakiwa yabaki chini ya nyuzi 20. Na nyumba ambayo mkazi amelazwa hospitali au amefariki na haijapata mtu, mwende mkafungulie mabomba yake yote walau mara moja kwa wiki.

Sufi nyeupe inayomomonyoka

*Mabomba yetu ya zamani yamefungwa kitu cheupe kama plasta, ukigusa kinadondoka unga. Vijana wanataka kukibandua wikendi hii tuokoe gharama. Mnasemaje?*

Msikiguse. Inaweza kuwa asbesto, na kwa vyumba vya boila vya zamani uwezekano ni mkubwa. Nyuzi zake hazionekani, zinakaa kwenye mapafu na saratani yake inakuja miaka mingi baadaye. Fungeni mlango, leteni mtu mwenye leseni achukue kipande akapime, na hilo lifanyike kabla kontrakta yeyote hajapewa funguo, kwa sababu likigundulika katikati ya kazi kila kitu kinasimama na wazee wanabaki na mabomba yaliyokatwa.

Kichwa kinaniuma tangu wabadilishe

*Mwanangu, mimi nina miaka 78, naishi juu ya chumba cha boila. Tangu wamalize kazi kule chini naamka kichwa kinauma na kichefuchefu, nikitoka nje nikakaa bustanini kinaisha. Daktari kasema ni mafua. Nikuulize wewe.*

Shikamoo bibi. Barua yako imenishtua na wahariri wamenisaidia uongozi wa jengo lako ukapigiwa simu kabla gazeti halijachapwa, ila nakujibu hapa kwa ajili ya wengine. Kichwa kinachouma ndani kikaisha nje ni dalili ya monoksidi ya kaboni mpaka ithibitishwe vingine. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inatoka moto ukikosa hewa ya kutosha au moshi ukirudi ndani, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa mzee inafanana sana na mafua au uchovu, ndo maana inapita.

Ukiwa na dalili hizo fungua madirisha, toka nje, mwambie mtu apige simu ya dharura, boila izimwe, na ukimuona daktari taja neno boila yeye mwenyewe atapima damu. Usirudi kulala humo mpaka pamepimwa.

Kwa wasimamizi: mkibadilisha boila bomba la moshi libadilishwe nalo. Moshi wa boila mpya umepoa, una maji yenye asidi, yanakula matofali na chuma cha kawaida, na lile la zamani halikutengenezwa kwa presha ya moshi wa boila mpya. Maji hayo yenye asidi yapewe bomba lake la plastiki la kwenda kwenye mtaro. Matundu ya hewa kwenye mlango wa chumba yasizibwe na mbao, najua mnaziba kwa ajili ya panya, wekeni wavu. Na kila nyumba iliyo juu au pembeni ya chumba iwe na kengele ya gesi hiyo, yenye sauti ambayo mtu aliyevua kifaa chake cha masikio ataisikia, au iliyounganishwa na mlinzi.

Kwanini tusiende pampu za joto moja kwa moja?

*Mimi ni mtunza hazina. Watu wanasema gesi inaondoka, tuweke pampu za joto za umeme. Wengine wanasema hazifai majengo ya zamani.*

Pampu za joto ni mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kulileta ndani, na zinafaa majengo mengi kuliko watu wanavyodhani. Unalipia umeme wa kilowati-saa moja unapata joto la mbili na nusu mpaka nne, ila uwiano huo mzuri unapatikana pale maji ya radieta yanapokuwa nyuzi 45 mpaka 55, sio 80. Kwa hiyo jaribuni kabla ya kutumia hata senti: siku za baridi kali shusheni maji ya radieta mpaka 55, myaache siku chache, mpite na kipima joto kwenye nyumba za kona mkiwa tayari kuyapandisha mara moja chumba chochote kikianza kuteremka. Vyumba vikishika 21 jengo liko tayari. Vikishindwa viwili vitatu, badilisheni radieta za humo ziwe kubwa zaidi. Ulizeni pia kampuni ya umeme kama laini inayoingia inabeba mzigo huo, jibu hilo linaweza kuchukua miezi. Kama bado, wekeni boila ndogo sasa na muache kwenye bomba kuu matawi yenye valvu zilizofungwa pamoja na nafasi sakafuni. Maji ya kuogea bado yanahitaji 60 hata mkiwa na pampu za joto, hilo halibadiliki.

Kontrakta kamaliza anataka saini

*Fundi, kazi imeisha, chumba kinapendeza, kontrakta anataka tusaini tumlipe bakaa. Tukague nini?*

Usikague rangi. Mwambie azime boila moja mbele yako na msubiri uone kama nyingine zinachukua bila mtu kugusa. Azime pampu moja. Akate umeme kisha aurudishe, mitambo iamke yenyewe bila yeye kubonyeza kitu. Achomoe sensa ya joto uone kengele inamfikia nani, saa nane usiku Jumapili, jina na namba ya simu. Abonyeze kitufe cha dharura kilicho nje ya mlango uone gesi inakatika.

Panda ghorofa ya juu, nyumba ya mwisho kabisa, fungulia maji ya moto uhesabu, bomba linaloingia kwenye valvu ya kuchanganya lifike nyuzi 50 ndani ya dakika moja. Shika radieta za mwisho, kama za ghorofa ya kwanza zinawaka moto na za juu ni vuguvugu mfumo haujasawazishwa, arudi akasawazishe.

Kila valvu iwe na kibao chenye namba, na mchoro wenye namba hizo hizo uwe ukutani umewekwa kwenye plastiki. Yule anayeangalia mitambo kila siku afundishwe yeye, sio meneja wa ofisini, na afanye mwenyewe kwa mikono wakati kontrakta anaangalia. Bakaa kubwa kiasi ibaki mkononi mwenu mpaka msimu mzima wa baridi upite, na hilo kama halipo kwenye mkataba anzeni kuongea naye leo kabla hamjatoa hela.